Maalim Aliyeuliza Nani Alifungua Mlango

Tulimwita Maalim. Sikumbuki kusikia mtu akimwita vinginevyo, isipokuwa mkewe, ambaye alimwita "huyu". Ungemsikia akisema, "Huyu hajala tangu asubuhi," au, "Huyu leo msimsemeshe." Nilipohamia Eldoret kufundisha shule ya msingi, miaka michache baada ya Uhuru, chumba nilichopata kilikuwa ukuta mmoja na chao. Mimi nilikuwa binti wa Kikuyu, mtu wa kanisa na kwaya. Yeye alikuwa Mwislamu aliyeamka kabla ya jogoo. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga basi ikawa na Mwalimu na Maalim, na wageni wengi waliotumwa kwa mmoja walibisha kwa mwingine.

Kwao hasa sikupata kupajua. Wengine walisema alitoka pwani, wengine Unyamwezi, wengine walisema ni Mnubi aliyesahau Kinubi. Nilimuuliza mara moja tu. Akanijibu kwamba kwao ni pale ilipo cherehani yake, kisha akaniomba nimshikie pindo la suruali aliyokuwa akiikata.

Cherehani hiyo ilikaa kwenye veranda ya duka la nguo la Mhindi, barabara kuu, katika mji ambao wazee walikuwa bado wanauita Siksti-foo, kwa namba ya shamba ulipoanzia. Alishona kaptura za shule, makoti ya wakulima, kanzu karibu na Idi, na mwaka mmoja alishona majoho ya kwaya yetu, akakataa kabisa kuyaharakisha eti kwa sababu watu wanaomwimbia Mungu hawafai kuvaa mishono iliyopinda. Jioni, baada ya sala ya alasiri, alifundisha watoto katika chumba cha mabati nyuma ya msikiti. Lakini ukweli ni kwamba alifundisha siku nzima. Mguu ukiwa kwenye pedali, mdomo nao ulikuwa njiani: leo Sham, kesho Misri, kesho kutwa jangwani pamoja na wafanyabiashara wa chumvi na ngamia wao.

Alichopenda kuliko vyote ni habari ya namna dini yake ilivyotembea duniani. Alichukua karatasi ngumu ya kaki aliyotumia kuchorea vipimo vya nguo, akachora kwa chaki ya fundi: hapa Makka, hapa Madina, huku Maghribi mpaka nchi inapoishia baharini, kule Bara Hindi, na mbali zaidi visiwa vya Java. Wakulima waliokuja kupimwa mabega walijikuta wakisimama hapo nusu saa, mikono imenyooshwa, wakisikiliza jinsi nahodha fulani alivyokaa Java miezi sita akingoja upepo ugeuke, akaoa, akazaa, na kufikia wajukuu kijiji kizima kikawa kinasali.

Mimi nilikuwa na kitabu cha shule kilichosema Uislamu ulienezwa kwa upanga. Nilimsomea sentensi hiyo siku moja, nusu kwa uchokozi. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alisema upanga ulikuwepo, na anayekana anadanganya. Wafalme ni wafalme, wakipata dini wanaifunga kiunoni pamoja na panga zao.

"Lakini upanga unaweza kukufanya uiname," akasema. "Hauwezi kukufanya uamke alfajiri kwa hiari yako, wewe na mtoto wako na mjukuu wako. Hapo lazima kuwe na jambo lingine."

Jambo hilo lingine ndilo alilolitafuta katika kila hadithi. Watoto wake wa madrasa hawakuulizwa nani alishinda vita gani. Waliulizwa: walipofika, walilala wapi? Walikula nini? Nani aliwapa maji? Mtoto akianza kutaja majina ya majemadari, alimkatiza. "Usiniambie nani alifika. Kila mtu anajua nani alifika. Niambie nani alifungua mlango." Niliiba swali hilo. Nililitumia katika masomo yangu ya historia mpaka nilipostaafu, na wakaguzi wa shule walilisifu wakidhani nimelitoa chuoni.

Habari za hapa kwetu alizipenda vilevile. Alisema hakuna jeshi lililoleta Uislamu Uasin Gishu. Uliletwa na mpishi aliyekuja nyuma ya gari la ng'ombe la kaburu, akabeba sufuria na mkeka wa kusalia. Uliletwa na mpagazi aliyechoka akakataa kuendelea na safari, na askari aliyestaafu, na fundi wa nguo. Watu hawa hawakuandikwa popote, kwa hiyo aliwaandika yeye. Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, na ndani yake Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu: fulani, mpishi, alikuja na nani, alisalia wapi kabla ya msikiti, alifia wapi. Kila alipokutana na mzee aliyeishi mjini tangu zamani, daftari lilitoka mfukoni.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Nilimwona akichana koti zima mbele ya mteja kwa sababu tundu moja la kifungo lilikuwa limekaa vibaya, ilhali mteja mwenyewe alikuwa anaomba alichukue hivyohivyo. Aligombana na imamu juu ya kuonekana kwa mwezi, wakakaa Ramadhani nzima bila kuzungumza, na bado alisali nyuma yake mara tano kwa siku. Alihubiri tabia njema kuwa ndiyo iliyofungua nchi kubwa kubwa, na papo hapo mwenye duka jirani alikuwa akivuka barabara asikutane naye.

Na kuna jambo la binti yake. Alikuwa na binti mmoja, Zuhura, aliyemtoa shule darasa la tatu, akisema sasa anatosha kusoma Kurani na kumsaidia mama yake. Mimi nilinyamaza mwaka mzima kwa kuwa nilikuwa jirani mgeni. Kisha siku moja, pale verandani, aliwasimulia wateja habari za mwanamke mmoja wa Maghribi, aliyechukua urithi wa baba yake wote akajenga msikiti, na msikiti ukakua ukawa mahali pa elimu ambapo wanazuoni wametoka karne baada ya karne. Alisimulia kwa fahari, macho yanang'aa. Nilingoja wateja waondoke.

"Maalim, huyo mama wa Maghribi alijua kusoma?"

"Alijua sana."

"Na nani alimfungulia mlango?"

Aliacha kupiga pedali. Alinitazama, kisha akaitazama nguo, kisha akaanza kushona tena. Hakunisalimia kwa wiki mbili. Mkewe aliniambia kupitia ukuta, sauti ya chini, kwamba huyu hali vizuri, sijui umemwambia nini. Jumatatu ya wiki ya tatu nilifungua darasa nikamkuta Zuhura ameketi dawati la mbele, sare mpya, pindo la sketi limekunjwa upana wa kiganja ili liachiwe kila mwaka atakapokua. Baba yake hakulitaja jambo hilo kamwe, wala mimi sikulitaja. Jioni ile aliniletea kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, akakiweka kizingitini, akaenda zake.

Sasa niseme habari ya makaburi.

Baba yangu alikuwa ameishi katika mashamba ya walowezi zaidi ya miaka thelathini, akichunga kondoo wa watu na kulima vipande ambavyo angeweza kufukuzwa siku yoyote. Uhuru ulipokuja, yeye na wenzake walichanga, wakanunua shamba la setla mmoja aliyekuwa akirudi kwao, juu kule Ainabkoi, kwenye baridi, ngano na pareto. Kwa kuwa nilijua kuandika, wakanifanya karani wa kamati. Kila Jumamosi nilipanda kule na daftari langu. Nilikuwepo siku mpima ardhi alipomaliza kupiga vigingi, na nilikuwepo wanachama walipotia mikono ndani ya kofia kuchukua namba. Baba alitoa karatasi yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Namba yake iliangukia kipande kizuri, udongo mweusi, karibu na barabara. Lakini kona moja ya juu, chini ya miti ya miwati, kulikuwa na safu za mawe. Baba aliyajua mawe hayo. Alichunga kondoo hapo ujana wake. Yalikuwa makaburi ya Waislamu waliofia njiani na kwenye mashamba, zamani za magari ya ng'ombe na za kujengwa kwa reli. Setla hakuwahi kuyagusa, labda kwa uvivu. Baba naye alikwisha kusema kwamba kona hiyo italimwa mvua zikianza.

Habari zilimfikia Maalim ndani ya siku tatu. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, daftari jeusi mkononi. Nilijua anachotaka, lakini nilimjua baba pia. Mtu aliyengoja ardhi miaka thelathini humwambii apunguze. Nilianza kueleza kwamba mimi ni karani tu, kwamba kura ni kura.

"Sitaki unisemee," akasema. "Nataka unionyeshe baba yako anakaa wapi."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Ukungu ulikuwa mzito, nyasi zimelowa, kanzu yake ikalowa mpaka magotini. Tulimkuta baba akichonga nguzo za ua. Mama alileta chai. Maalim alikaa juu ya gogo, akasifu nguzo, akaulizia mbuzi, akanywa chai yote.

Hakuanza na makaburi. Alianza na Makka, wakati waliomwamini Mtume walipokuwa wachache na wanateswa. Mtume wao aliwaambia wavuke bahari waende Habasha, Afrika, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Mfalme huyo alikuwa Mkristo. Maadui zao wakamfuata na zawadi, wakamtaka awarudishe. Mfalme akawaita wakimbizi wale, akawauliza wanaamini nini, nao wakamsomea habari za Mariamu na mwanawe. Mfalme akalia. Akarudisha zawadi, akawaambia wakimbizi wakae nchini mwake kwa amani.

"Kwa hiyo mzee," akasema Maalim, "kabla hatujawa na mji, kabla hatujawa na jeshi, mlango wa kwanza kufunguliwa kwetu ng'ambo ya bahari ulifunguliwa na Mkristo, hapa Afrika. Nami nimekuja kwako."

Niliona ni maneno mazuri sana. Nilimtazama baba nikidhani yamemwingia. Baba aliendelea kuchonga. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili chake cha shambani, polepole.

"Hiyo hadithi ni nzuri. Sasa wewe niambie ingine. Mimi nikiwa mtoto, baba yangu aliniambia kulikuwa na watu ya kanzu walikuwa wanakuja kununua watu na kuwafunga na kamba shingoni. Hao walikuwa dini gani?"

Mama aliweka birika chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Maalim aliweka mikono yote miwili juu ya daftari.

"Walikuwa Waislamu," akasema. "Walisali asubuhi, na mchana wakafunga watu. Walifundishwa kwamba kumwacha huru mtumwa ni ibada, wao wakafanya utumwa biashara. Sina la kuwatetea. Watoto wangu pale madrasa nawaambia hivyohivyo." Kisha akaufunua ukurasa wa daftari lake. "Na hawa waliolala pale juu, mzee, wengine ni wajukuu wa watu waliofungwa kamba. Ndio maana hawana kwao pa kurudishwa. Kwao ni pale chini ya miwati."

Baba aliweka panga chini. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye koti, akaanza kupanda kuelekea kona ile bila kumwita mtu. Maalim akamfuata, nami nikafuata nyuma. Kwenye mawe, baba alisema, "Soma."

Maalim alisoma. Walikuwa kumi na mmoja anaowajua. Mpishi. Mwendesha gari la ng'ombe. Mkata mataruma ya reli. Mwanamke mmoja na kitoto chake. Wengine alisema hawajui majina, akawaomba radhi. Baba alisikiliza kofia ikiwa mkononi, na ukungu ukimtonea kwenye upara. Mwisho alisema neno moja tu la Kikuyu, ambalo ni kama kusema imetosha, kisha akageukia upande wangu.

"Andika kwa kitabu ya kamati kigingi itasogea."

Haikuwa rahisi kama hivyo. Mwenyekiti wa kamati alipinga; alisema leo wanataka kona, kesho watataka shamba. Mkutano mmoja ulivunjika. Wa pili, baba alisimama, mtu ambaye hakuwa msemaji, akawaambia kwamba kama huyo mzee angekuja kumdanganya, angemfukuza. Lakini alimuuliza swali baya na mzee akalijibu. Mtu anayekubali ubaya wa watu wake, alisema, huyo ni jirani. Wakapiga kura ya mikono. Kona ikatolewa, na badala yake baba akapewa ukanda mwembamba kando ya kijito ambao hakuna aliyeutaka kwa kuwa maji yalituama humo. Miaka miwili baadaye, baada ya kuchimba mifereji, kabichi za ukanda ule ziliuzwa mpaka soko la Munyaka, na mwenyekiti mwenyewe alikuja kuomba miche.

Waislamu wa mjini walipanda siku moja kuja kuzungusha ua wa nguzo za mwerezi. Baba alichimba nao mashimo. Adhuhuri walipopanga safu kusali, alijitenga, akaketi na panga lake magotini akiwachunga mbwa wasipite mbele yao. Maalim alisema baadaye kwamba hajawahi kusali sala iliyotulia kama ile, na mkewe akasema kwamba huyu alirudi akiimba.

Niliolewa, nikahama. Mume wangu alikuwa na shamba karibu na Moi's Bridge, nami nikapata shule huko. Mwishowe nikawa mwalimu mkuu. Salamu za Maalim zilinifikia kupitia watu. Nilisikia macho yamepungua nguvu, ameiacha cherehani, bado anafundisha.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa msimu wa mavuno, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mchana wa likizo, nilikuwa uani na wanawake wawili tukipukuchua mahindi, mikono imejaa malengelenge, nikaona kanzu ikija polepole kwenye njia ya kuingilia. Alikuwa amekonda. Fimbo ilimtangulia ikigusa udongo kwanza. Niliinuka nikamkimbilia, nikidhani kuna msiba.

Alikataa kusema lolote mpaka anywe maji, atawadhe, asali. Nilimtandikia gunia safi chini ya ukingo wa ghala. Alipomaliza, alikaa, akanitaka nami niketi.

"Mwalimu, kuna mwanafunzi wangu amerudi kutoka Misri, amesoma huko miaka sita," akasema. "Tumekaa naye. Nilikuwa nimekuambia kwamba sahaba mmoja wa Mtume, jamaa wa mama yake, alifika Uchina akafia huko, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Kaburi lipo, na watu wanalizuru. Lakini huyo kijana amenionyesha vitabuni. Sahaba huyo alifia karibu na Madina. Uchina walifika wafanyabiashara, na wengine ambao hatuwajui. Mimi nilikosea. Nilifundisha hivyo miaka mingi."

Nilijaribu kukumbuka. Nilipekua kichwa changu chote: Java nilikumbuka, Habasha nilikumbuka, lakini kaburi la Uchina sikulipata. Nikamwambia kwa upole kwamba sikumbuki hata kidogo kuambiwa jambo hilo.

"Mimi nakumbuka," akasema. "Ulikuwa umeshika mkasi wangu."

"Na umetoka mjini mpaka hapa, Maalim, kuniambia hivyo tu?"

Alishangaa, kama kwamba mimi ndiye niliyeuliza jambo geni. "Wewe una watoto arobaini darasani. Kosa langu likilala kwako leo, kesho limefika Kitale. Hivyo ndivyo maneno yanavyokwenda. Hayabebwi na mtu mwingine ila sisi."

Nilimuuliza wamebaki wangapi wa kuambiwa. Alisema mjini amewamaliza, Ainabkoi alikwenda wiki iliyopita, na sasa amebaki mmoja, mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka la viatu Kitale. Nilimsihi alale, nikamwambia mume wangu atarudi na trekta amsindikize kesho. Akakataa kwa adabu. Alikula muhindi wa kuchoma, akawaombea dua wanawake wale wawili, ambao hakuwajua, akawauliza majina ya wazazi wao na walitoka wapi kuja hapa.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipofika, kondakta alishuka, akamshika mkono, akampandisha ngazi moja moja. Alikaa dirishani, karibu na mama mmoja aliyepakata kuku. Sikusikia walichosema kwa sababu ya injini. Nilimwona tu akimgeukia, akanyoosha kidole chembamba, na juu ya vumbi la kioo akaanza kumchorea kitu. Mama yule akamsogeza kuku pembeni ili aone vizuri.